Juu ya Maneno Makubwa ya Kiingereza

Miongoni mwa vitabu vya Kiingereza vinavyonunuliwa na vijana wetu kwa fedha yao wenyewe, wala si kwa amri ya mwalimu, kimoja ni Word Power Made Easy, kazi ya Mmarekani aliyeitwa Norman Lewis. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1949, kikatengenezwa upya mwaka 1978, na hata leo chauzwa. Madhumuni yake yako wazi katika jina lake: kumpa msomaji nguvu ya maneno, na kumpa bila ya taabu. Mara nyingi nimekiona mikononi mwa wanafunzi, pembe za kurasa zimekunjika na mazoezi yamejazwa kwa kalamu ya risasi, na kila nilipokiona niliona haya kukisema vibaya. Kijana ajifunzaye kwa hiari yake ni nadra, na mtu atakaye kumtilia shaka hana budi kuwa na sababu njema. Nadhani sababu njema ipo, ingawa si ile ambayo aghalabu hutolewa.

Kwanza tukitendee kitabu haki yake. Lewis alikuwa mwalimu, na ualimu wake waonekana katika kila mlango. Hakuyapanga maneno kwa herufi kama yalivyo katika kamusi, bali kwa jamaa. Mlango wa kwanza wa mafunzo yenyewe wahusu tabia za watu: ajipendaye nafsi yake, apendaye wenziwe, aliyegeukia ndani, aliyegeukia nje, achukiaye wanadamu, achukiaye wanawake, achukiaye ndoa. Kwa kila tabia latajwa jina, kisha jina hilo lapasuliwa kama nazi ili tuone kilichomo. Misanthrope laonekana kuwa na viungo viwili vya Kiyunani, kimoja cha chuki na kimoja cha mwanadamu. Kiungo cha chuki charudi katika misogynist pamoja na mwanamke, na katika misogamist pamoja na ndoa. Na baadaye, katika mlango wa waganga, yule mwanamke arudi tena katika jina la tabibu wa maradhi ya wanawake. Hivyo msomaji aliyeanza na neno moja ajikuta ana kumi, na kila moja limemshika mwenziwe mkono. Hii ni furaha ya kweli, wala sitaki kuidharau.

Sisi tusemao Kiswahili twaielewa furaha hiyo upesi kuliko Waingereza wenyewe, kwa kuwa lugha yetu imejengwa juu ya mashina. Mtoto ambaye hajajua kusoma ajua kwamba mpishi, mapishi, upishi, pikia na pikisha ni watu wa nyumba moja, na hapana aliyemfundisha. Mtoto wa Kiingereza hakupata bahati hiyo. Mwezi wa mbinguni kwake ni moon, lakini mambo ya mwezi yaitwa lunar. Kinywa ni mouth, lakini mtihani wa kinywa waitwa oral. Mbwa ni dog, lakini jino lake lililochongoka laitwa canine. Lugha yake ni nyumba ya ghorofa mbili. Chini yakaa maneno ya jikoni na shambani, waliyoyaacha mababu wa Kisaksoni. Juu yakaa maneno ya Kilatini na Kiyunani yaliyopandishwa na makasisi, mahakimu na wanazuoni. Na ngazi iliyo kati haionekani na mtu asiyesoma. Lewis amejenga ngazi. Mtu aliyeipanda anapokutana na neno asilolijua katika kitabu hasimami mbele yake kama mgeni aliyesimama mbele ya mlango uliofungwa. Atabisha hodi, na mara nyingi ataitikiwa.

Walakini nasi tuna ghorofa yetu ya juu, na hiyo yatupa mfano wa kupimia ngazi ya Lewis. Kitabu, katibu, maktaba, mkataba na katiba ni ndugu watano wa shina moja la Kiarabu, shina la kuandika. Mswahili asiyejua Kiarabu huyatumia maneno hayo maisha yake yote pasipo kuwatambua kuwa ni ndugu, wala hakosei: hamwiti katibu kitabu. Tuchukue na ndugu wengine: karimu, ukarimu, karama na karamu. Shina lao ni la ukunjufu wa mkono na la heshima. Mgeni akifundishwa shina hilo peke yake ataweza kukisia kwamba mtu karimu ni mtoaji, na atakuwa amekisia vema. Lakini akikisia kwamba karamu ni tabia ya utoaji, kama yalivyo maana ya neno hilo kwa Waarabu, basi atakaribishwa karamuni na asijue kwamba kuna pilau. Shina limemwambia neno lilizaliwa wapi. Halikumwambia linakaa wapi sasa wala lafanya kazi gani.

Katika Kiingereza mambo ni hayo hayo. Egregious lina ndani yake kundi la kondoo la Kilatini: ni yule aliyetoka nje ya kundi, aliyejipambanua. Zamani lilikuwa neno la sifa, na leo ni la lawama tupu. Mwanafunzi atakayelitumia kumsifu mkuu wa chuo chake kwa nguvu ya shina atakuwa amemtukana. Manufacture lina mkono ndani yake, lakini viwanda vimejaa mashine. Na ushahidi ulio bora wautoa Lewis mwenyewe. Katika mlango ule ule wa tabia za watu atenganisha egoist na egotist. Wa kwanza ni mtu atangulizaye faida yake. Wa pili ni mtu asiyechoka kujitaja na kujisifu. Shina ni moja, nafsi ya Kilatini. Tofauti yote yakaa katika herufi moja, na herufi hiyo haina maana yo yote iliyotoka Roma. Mtu huijua tofauti hiyo kwa sababu amesikia watu wakiitunza, basi.

Hii ndiyo shaka yangu ya kwanza. Ya pili ni juu ya uteuzi wa maneno, nami nitaipita upesi. Msomaji aweza kusoma magazeti ya Kiingereza mwaka mzima asikutane na misogamist hata mara moja. Ni neno la kuonyesha, kama upanga uliotundikwa ukutani. Ilhali maneno kama assume, derive, consist na despite humjia kila ukurasa, na ndiyo yamwangushayo katika insha. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichambua maandishi ya vyuo vikuu, akakusanya jamaa 570 za maneno yanayotumika sana katika elimu zote, ukiyaondoa yale ya kawaida kabisa. Orodha yake haina fahari. Hapana kijana atakayeisoma kwa mwanga wa mshumaa. Lakini mwanafunzi wa uchumi aijuaye ataelewa kitabu chake, na ajuaye majina ya watu wachukiao ndoa atakuwa amepata kichekesho kimoja cha kuwachekeshea wenziwe.

Sasa yafaa tuulize tamaa hii ya maneno makubwa ilitoka wapi, maana haikuanza Afrika wala Marekani. Waingereza wenyewe walishikwa nayo katika karne ya kumi na sita, na ugomvi walioupigana wakati ule ndio ugomvi wetu wa leo. Wanazuoni walikuwa wakiingiza maneno ya Kilatini kwa mamia, na wapinzani wao waliyaita maneno ya pembe ya wino, kwa kuwa wino ulitiwa katika pembe. Mwaka 1553 Thomas Wilson, katika kitabu chake cha ufasaha, aliweka barua ya mzaha ya mtu mmoja aombaye kazi ya ukasisi, barua iliyosheheni maneno hayo mpaka haieleweki. Watu walicheka, na hata leo msomaji atacheka. Lakini tazama ni lipi limtokalo machozi ya kucheka. Katika barua ile yamo ingent na revolute, ambayo yamekufa; yamo pia celebrate, extol, ingenious, mundane na dexterity, ambayo leo kila mwanafunzi wa sekondari ayajua. Wilson aliyacheka yote kwa kicheko kimoja. Wakati ukaamua vingine: ukaua haya, ukayaacha yale, wala haukumwuliza Wilson wala shina la neno. Celebrate halina shina bora kuliko revolute. Liliishi kwa sababu watu walilipatia kazi.

Mwenziwe Wilson, Sir John Cheke, alikuwa mwalimu wa kwanza wa Kiyunani wa kifalme huko Cambridge, mtu aliyejua ghorofa ya juu kuliko wote, na ndiye aliyetaka ifungwe. Mwaka 1557, mwaka wa kufa kwake, alimwandikia rafiki yake Thomas Hoby akisema kwamba Kiingereza kiandikwe kisafi pasipo kuchanganywa, maana lugha ikopayo siku zote bila ya kulipa itafilisika. Hoja ni nzuri, ila hakuweza kuisema bila ya kukopa. Neno lake la usafi lilitoka Ufaransa, na neno lake la kufilisika asili yake ni benchi lililovunjika la wabadili fedha wa Italia. Alijaribu pia kufasiri Injili ya Mathayo kwa maneno ya kienyeji: akida wa askari mia akamwita hundreder, ufufuo akauita gainrising, mtu mwenye kifafa akamwita mooned, yaani aliyepigwa na mwezi. Hakumaliza. Kazi yake ilikaa bila ya kupigwa chapa hadi mwaka 1843, na walioisoma waliisoma kama watu watazamao kitu cha makumbusho. Nakiri kwamba gainrising lanipendeza. Lakini neno lipendezalo mtu mmoja chumbani mwake bado si neno la lugha.

Kisha akaja Robert Cawdrey, ambaye ningependa ajulikane zaidi kwetu. Alikuwa mchungaji aliyepoteza kanisa lake kwa ugomvi na wakubwa wake, na alikuwa amefundisha shule. Mwaka 1604, kwa msaada wa mwanawe Thomas, alitoa kitabu kidogo chenye maneno yapata 2,500, nacho ndicho kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Imebaki nakala moja tu ya chapa ile, yahifadhiwa Oxford. Hakikuwa na maneno yote ya lugha. Kilikuwa na maneno magumu tu, yale ya ghorofa ya juu, na kila moja limeelezwa kwa neno moja au mawili ya chini. Jambo la kuchekesha ni kwamba dibaji yake, kwa sehemu kubwa, imechukuliwa kwa Wilson: mtu aliyefungua duka la maneno ya pembe ya wino alitundika mlangoni tangazo la mtu aliyeyapiga marufuku. Sidhani kuwa alikuwa mnafiki. Nadhani aliona kwamba maneno yamekwisha ingia, yamo katika hotuba za kanisani na katika Biblia, na kwamba kuna watu waketio chini wakisikiliza wasielewe.

Maana Cawdrey alisema kitabu chake ni cha nani. Ni cha wanawake wa heshima na cha watu wengine wasiosoma, yaani wale waliozuiliwa kuingia katika shule za Kilatini. Na alisema ni cha nini, akataja mambo mawili: wapate kuelewa maneno magumu wanayoyasikia na kuyasoma, na waweze kuyatumia wenyewe mahali panapofaa. Msomaji asimame hapa kidogo. Mambo hayo mawili si jambo moja. La kwanza Cawdrey aliliweza, na Lewis aliliweza kuliko yeye. Mwenye shina ana ufunguo. La pili halikuwezwa na hata mmoja wao, kwa kuwa neno moja lililoelezwa kwa neno moja haliwezi kukuonyesha mahali panapofaa. Kutoka Cawdrey hadi Lewis ni miaka 345, na kosa limebaki pale pale: ahadi ya pili yauzwa kwa bei ya kwanza. Hata Samuel Johnson, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1755 yenye maneno kama 42,000, alipofika kwenye wavu alijikwaa. Kitu ambacho mvuvi wa Bagamoyo akijua kwa vidole vyake, Johnson alikieleza kwa maneno ya Kilatini ambayo mvuvi wa London asingeyajua hata kidogo. Yeye alikuwa na kisingizio cha mzaha, na pengine alikuwa akicheka.

Kwa nini basi vijana wanunue? Kwa sababu ya ahadi nyingine, ambayo ni ya cheo. Mwanzoni mwa kitabu chake Lewis ataja uchunguzi wa taasisi ya Johnson O'Connor, Mmarekani aliyeanza kupima vipaji vya wafanyakazi mwaka 1922 katika kampuni ya General Electric. O'Connor aliona kwamba wakubwa wa makampuni hujua maneno mengi kuliko watu wa chini yao. Sibishani naye. Lakini mtu akiona kwamba wenye majoho wanakaa mbele msikitini, haifuati kwamba kila ashonaye joho atapewa nafasi ya mbele. Mwana wa nyumba yenye vitabu hupata maneno pamoja na mambo mengine mengi, shule njema, jamaa wenye nafasi, ujasiri wa kusema, na maneno ndiyo yanayohesabika kwa urahisi. Kwetu sisi jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa Kiingereza chetu ni mlango wa kazi, na anayeogopa kufungiwa nje atanunua kila ufunguo unaouzwa.

Wako wanaojibu tamaa hii kwa dawa ya Cheke. Ndugu wawili Fowler mwaka 1906, na George Orwell mwaka 1946 katika insha yake juu ya siasa na Kiingereza, waliwashauri waandishi wachague neno la Kisaksoni kuliko la Kilatini, na neno fupi kuliko refu. Walimu wetu wamelirudia shauri hilo mpaka limekuwa kama sala. Kwa Mwingereza ni shauri jema. Kwa mwanafunzi wa Morogoro au Makerere ni shauri lililoelekezwa kwa mtu mwingine, maana kwake yeye ghorofa ya chini ndiyo ya juu. Tolerate ni neno jepesi kwake: lina maana moja, alilijua kitabuni, halimpigi chenga. Lakini put up with! Put ni kuweka, up ni juu, with ni pamoja na. Weka juu pamoja na. Na jumla yake ni kuvumilia. Kisha kuna put off, put out, put by, put down, na kila moja ni mnyama mbali. Katika ile kamusi kubwa ya Oxford, toleo la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote halikuwa la Kilatini. Lilikuwa set, herufi tatu. Orwell alidhani kwamba maneno madogo ni rahisi, kwa sababu aliyanyonya pamoja na maziwa. Sisi twayapata mwisho, wengine hatuyapati kabisa, ndipo tunapojificha katika maneno makubwa. Na Mwingereza asomaye huona majivuno mahali palipo na hofu tu. Wanaowacheka wanafunzi wetu kwa sababu ya maneno yao makubwa wangefaa kulikumbuka hilo.

Elimu ya kisasa imepima umbali wa safari hii. Michael West, aliyefundisha miaka mingi Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno ya msingi yapata 2,000. Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji wa vitabu visivyorahisishwa ahitaji jamaa za maneno 8,000 hadi 9,000. Kati ya West na Nation pana pori, na pori hilo halikatwi kwa mazoezi ya kujaza nafasi. Neno hujulikana kwa kukutana nalo mara nyingi, kila mara na rafiki zake: lasimama na nani, lamkimbia nani, lasemwa na mkubwa au na mdogo, lafaa matangani au harusini. Hayo hupatikana kwa kusoma vitabu vizima, vizuri na hata vibaya, na kusoma kwenyewe ni kwa polepole. Kitabu cha Lewis kikikaa pembeni mwa kusoma huko, kama kiko cha viungo kando ya sufuria, nakikubali kwa moyo mmoja. Kikiwa ndicho chakula, mlaji atalala na njaa.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja, msomaji hodari wa kitabu hicho, aliniletea barua ya Kiingereza niisahihishe kabla hajaipeleka. Alikuwa akimpa pole mwalimu wake wa zamani, Mwingereza, aliyefiwa na mkewe. Kifo alikiita demise, mke alimwita spouse, na yeye mwenyewe alisema kuwa yu lachrymose. Hapakuwa na neno ambalo kamusi ingelikataa. Nikamwuliza, lau mwalimu huyo angelikuwa Mswahili ungelimwandikiaje? Akafikiri, akasema, "Ningemwandikia: Pole sana, Mwalimu. Mama tulimpenda." Nikamwambia, basi andika hayo. Akaniambia ya kwamba kwa Kiingereza yatakuwa maneno ya mtoto wa darasa la nne, na mwalimu atadhani kwamba hakusoma kitu tangu alipomwacha.

Alijaribu hata hivyo, na neno la kwanza likamkwamisha. Pole ni sorry. Lakini sorry ni samahani pia. Je, mwalimu hatadhani kwamba aombwa radhi, kana kwamba mwandishi ana hatia katika kifo kile? Na mbona sisi mtu akijikwaa njiani twamwambia pole, na Mwingereza tukimwambia sorry hugeuka akatutazama kwa mshangao, maana si sisi tuliomkwaza? Akataka kujua ni maneno gani yanayofuata sorry linapokuwa pole, na yapi yanayolifuata linapokuwa samahani. Tulitafuta mifano katika riwaya mbili zilizokuwa mezani, tukaiandika kwenye karatasi, naye alikuwa bado akiuliza taa za nje zilipowashwa.